Kiesperanto kwa anayewaza kwa Kiswahili: mwongozo kamili wa sarufi na mazungumzo ya mwanzo

Wengi wa kwetu wanaoanza Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, huachia njiani, na karibu wote huachia mahali palepale. Siku za mwanzo mambo ni mteremko: herufi zinasomeka, salamu zinashikika, vitenzi havina vighairi. Kisha inakuja ile n mwishoni mwa maneno, na baada yake viambishi vya -ig- na -iĝ-. Hapo daftari hufungwa.

Tatizo si akili ya mwanafunzi. Kozi nyingi zimetungwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Zinatumia kurasa nyingi kufafanua mambo ambayo Mswahili ameyanyonya na maziwa ya mama, kwa mfano kivumishi kufuata nomino yake. Halafu zinapita mbio pale hasa ambapo Kiswahili kinatuvuta pabaya. Hapa tutafanya kinyume: unachokijua tutakigusa tu, na panapokukwamisha tutakaa.

Ukizifuata hatua hizi kwa utulivu utaweza kuzungumza kwa dakika kumi bila kurudi kwenye Kiingereza. Watu wa kuzungumza nao wapo karibu: Tanzania, Burundi na Kongo zina wasemaji wake, na mwaka 2024 Kongamano la Dunia la Kiesperanto lilifanyika Arusha, likiwa la kwanza kufanyika barani Afrika.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari moja la mkono. Usitegemee simu peke yake. Miisho ya maneno hukaa kichwani ukiiandika kwa kalamu.
- Kibodi ya Kiesperanto kwenye simu. Fungua mipangilio ya kibodi, nenda sehemu ya lugha, ongeza Kiesperanto. Ikikosekana, andika x baada ya herufi: cx, gx, hx, jx, sx, ux. Wasemaji wote wanauelewa mtindo huo.
- Tovuti ya lernu.net. Ni bure, ina kozi, kamusi na sauti za kusikiliza.
- Mtu mmoja wa kujifunza naye. Hata kama naye ni mgeni wa lugha hii. Bila mtu wa kukujibu utaishia kuwa msomaji tu.
- Nusu saa kila siku. Nusu saa ya kila siku inashinda saa nne za Jumapili.

Duolingo nayo ina kozi ya Kiesperanto, lakini inafundishia kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Itumie kukusanya maneno. Sarufi usiitafute huko, kwa sababu utalazimika kupita kwenye sarufi ya Kiingereza ili ufike kwenye sarufi iliyo rahisi kuliko Kiingereza chenyewe.

## Hatua ya 1: Sauti, na vokali ambazo hazipo

Alfabeti ina herufi 28. Kila herufi ina sauti moja na haibadiliki, sawa na Kiswahili. Vokali ni a, e, i, o, u zetu zilezile. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nao ni wetu: *li-BRO*? Hapana, *LI-bro*, *fa-mi-LI-o*, *Tan-za-NI-o*.

Zinazohitaji kazi ni hizi:

- j husomwa kama y ya *yai*. Kosa la kwanza la Mswahili liko hapa. *Jes* (ndiyo) hutamkwa "yes".
- ĝ ndiyo j ya *jambo*.
- ĉ ni ch ya *chai*, ŝ ni sh ya *shamba*.
- c ni t na s kwa pumzi moja. Si k, si s, si ch. *Celo* ni lengo, *ĉelo* ni seli.
- ŭ ni w fupi, mara nyingi baada ya a au e: *aŭto* (gari).
- ĥ ni kh, kama watu wa pwani wanavyotamka *sabalkheri*.
- ĵ haimo katika Kiswahili. Tamka s, kisha z, huku umeweka kidole kooni. Utahisi koo linatetemeka kwenye z. Sasa tamka sh, halafu tia mtetemo uleule. Sauti inayotoka ndiyo ĵ.

Kuna kifungu ambacho wasemaji hukitumia kujaribu herufi zote sita zenye alama: *eĥoŝanĝo ĉiuĵaŭde*. Kiseme polepole asubuhi na jioni hadi ulimi uache kugombana nacho.

Tahadhari kubwa. Usipachike vokali. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa vokali, kwa hiyo ulimi wetu hugeuza *knabo* (mvulana) kuwa "kinabo" na *strato* (mtaa) kuwa "sitirato". Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni vokali ya mwishoni: *mi havas* (ninayo) ikawa "mi havasi". Mwisho wa -i una kazi yake katika lugha hii, na msikilizaji atapotea.

Vilevile *libroj* (vitabu) ni silabi mbili, *LI-broj*. Ukisema "li-BRO-i" umehamisha mkazo na kuongeza silabi.

Kama lugha yako ya nyumbani huchanganya r na l, tenga siku mbili kwa ajili hiyo. *Rano* ni chura, *lano* ni sufu.

Utajua hatua imekamilika ukiweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti, hata kama huelewi neno, bila kusita kwenye j na c.

## Hatua ya 2: Sentensi za kujiokoa

Kabla ya sarufi, kariri hizi kama zilivyo. Usizichambue bado. Kazi yake ni kukuwezesha kubaki ndani ya mazungumzo unapokwama.

- *Saluton!* — Habari! (wakati wowote)
- *Bonan matenon. Bonan tagon. Bonan vesperon.* — Salamu za asubuhi, mchana, jioni.
- *Kiel vi fartas? — Bone, dankon. Kaj vi?* — Hujambo? — Sijambo, asante. Na wewe?
- *Mi ne komprenas.* — Sielewi.
- *Bonvolu ripeti.* — Tafadhali rudia.
- *Bonvolu paroli malrapide.* — Tafadhali sema polepole.
- *Kiel oni diras tion en Esperanto?* — Hicho kinasemwaje kwa Kiesperanto?
- *Mi estas komencanto.* — Mimi ni mwanafunzi mpya.
- *Pardonu. Dankon. Nedankinde. Ĝis revido!* — Samahani. Asante. Si kitu. Kwaheri ya kuonana!

Shikamoo haina mwenzake. *Vi* ni wewe na ni ninyi, kwa mtoto na kwa mzee. Ukitaka kumheshimu mkubwa, sema *Bonan tagon, sinjoro* kwa mwanamume au *sinjorino* kwa mwanamke. Vijana wengi wa kwetu hujisikia vibaya kumwambia mzee *vi*, lakini hakuna aliyevunjiwa heshima. Endelea tu.

## Hatua ya 3: Mwisho wa neno ndio unaosema kazi yake

Kiswahili huweka alama mbele ya neno: *ki-tabu, vi-tabu, ki-zuri, vi-zuri*. Kiesperanto huziweka nyuma. Hamisha macho yako kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho wake.

- -o nomino: *libro* (kitabu)
- -a kivumishi: *bela* (-zuri)
- -e kielezi: *bele* (vizuri)
- -j wingi: *libroj, belaj*

Ngeli hakuna. Upatanisho upo, nao ni wa -j tu: *bela libro*, *belaj libroj*. Hata baada ya kitenzi "ni": *La libroj estas belaj* (Vitabu ni vizuri). Wazungu wengi hulisahau hili. Wewe hutalisahau.

Kiswahili kitakuponza kwenye namba. Tumezoea *vitabu viwili*, namba ikifuata ngeli. Katika Kiesperanto namba hazibadiliki: *du libroj*, kamwe si "duj libroj". Namba zenyewe ni chache: *unu, du, tri, kvar, kvin, ses, sep, ok, naŭ, dek*. Kisha *dek unu* (11), *dudek kvin* (25), *cent* (100), *mil* (1,000).

### Neno *la*

Wengi hulitupia *la* popote, au huliacha kabisa, kwa kuwa Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Lakini maana yake tunayo, imejificha ndani ya kitenzi. Linganisha:

*Nimeona kitabu.* — *Mi vidis libron.*
*Nimekiona kitabu.* — *Mi vidis la libron.*

Ile *-ki-* inamwambia msikilizaji kwamba kitabu kinajulikana, ni kile tulichokitaja. *La* hufanya hivyo hivyo. Ukishindwa kuamua, itafsiri sentensi kwa Kiswahili kisha jiulize kama ungeweka kiambishi hicho.

### Yeye ni nani?

*Mi, vi, ni* (sisi), *ili* (wao, au vile vitu). "Yeye" imegawanyika: *li* ni mwanamume, *ŝi* ni mwanamke, *ĝi* ni kitu au mnyama. Amua kabla hujafungua mdomo. Ongeza -a upate umiliki: *mia, via, lia, ŝia, nia, ilia*.

Kuna na *sia*, yaani "-ake mwenyewe". *Anampenda mama yake* katika Kiswahili inaweza kumhusu mama wa mtu mwingine. *Li amas sian patrinon* ni mama yake mwenyewe. *Li amas lian patrinon* ni mama wa mtu mwingine. *Sia* haikai ndani ya kiima: *Li kaj lia frato venis* (Yeye na kaka yake wamekuja).

## Hatua ya 4: Ile n

Hapa ndipo wengi huachia, kwa hiyo soma polepole na uandike mifano yote.

Yambwa, yaani kinachotendwa, hubeba -n. *La hundo mordis la infanon*: mbwa amemuuma mtoto. Sasa geuza mpangilio: *La infanon mordis la hundo*. Maana haijabadilika, aliyeumwa ni mtoto. N ndiyo inayobeba maana, nafasi ya neno haina neno. Ukiiacha, "la hundo mordis la infano", msikilizaji hajui nani kamuuma nani.

### Jaribio la kiambishi

Kozi zitakwambia utafute kiima na yambwa. Kuna njia ya mkato kwa Mswahili. Jiulize: katika sentensi ya Kiswahili, kitenzi kinaweza kubeba kiambishi cha neno hilo?

*Nimesoma kitabu* → *nimekisoma*. Inakubali. *Mi legis libron.*
*Amina ni mwalimu* → hakuna pa kukipachika. *Amina estas instruistino*, bila n.
*Nimelala chumbani* → hakuna "nimekilala chumba". *Mi dormis en la ĉambro*, bila n.

### Mahali jaribio linapodanganya

Vitenzi vyetu vya kutendea hubeba kiambishi cha mtu anayepokea: *Nilimpa Juma kitabu*. Ile *-m-* ni Juma, na mwanafunzi humpa Juma n. Kosa. Katika Kiesperanto n huenda kwa kitu, na mpokeaji hupata kihusishi chake:

*Mi donis libron al Juma.* — Nilimpa Juma kitabu.
*Mi aĉetis ŝtofon por mia patrino.* — Nilimnunulia mama kitambaa.

Shika hivi: kiambishi cha mtu anayepewa au anayefanyiwa hugeuka *al* au *por*. Kiambishi cha kitu hugeuka -n.

### Jenga sentensi moja taratibu

Tuchukue *Nimenunua ndizi tatu mbivu*. Ndizi ni *banano*, mbivu ni *matura*, kununua ni *aĉeti*.

Weka mizizi: *mi aĉet- tri matur- banan-*.
Weka aina ya neno: *matura banano*.
Weka wingi: *maturaj bananoj*. *Tri* usiiguse.
Weka n, kila mara baada ya j: *maturajn bananojn*.
Weka wakati: *Mi aĉetis tri maturajn bananojn.*

Kivumishi nacho kimepata n, kwa sababu kinaifuata nomino yake kwa kila kitu. Wiki mbili za kwanza jenga kila sentensi kwa mpangilio huu. Baadaye mkono utaenda wenyewe.

### N ya mwendo

Baada ya kihusishi hakuna n, isipokuwa unapoonyesha kuingia mahali. *-ni* yetu hufanya kazi zote mbili, ndiyo maana tunakosea:

*La infano kuras en la domo.* — Mtoto anakimbia humo humo ndani.
*La infano kuras en la domon.* — Mtoto anakimbilia ndani, alikuwa nje.

*Al* tayari ina maana ya kuelekea, haihitaji n: *Ni iras al la bazaro* (Tunakwenda sokoni).

N hutumika pia kwa muda na siku: *Mi atendis du horojn* (Nilisubiri saa mbili nzima), *Lundon mi laboras* (Jumatatu nafanya kazi).

Jipime. Funika upande wa kulia kwa karatasi:

- Mama anapika wali. — *Patrino kuiras rizon.*
- Nimewaona watoto wawili wazuri. — *Mi vidis du belajn infanojn.*
- Baba alimpa mtoto maziwa. — *La patro donis lakton al la infano.*
- Paka ameingia jikoni. — *La kato iris en la kuirejon.*
- Mto ni mrefu. — *La rivero estas longa.*

Ukikosea zaidi ya moja, usisonge mbele. Rudia kesho. Kila hatua inayofuata inakaa juu ya hii.

## Hatua ya 5: Vitenzi

Hapa utapumua. Miisho ni sita tu, haibadiliki kwa nafsi, na haina kighairi hata kimoja.

- -i kutenda: *manĝi* (kula)
- -as sasa na kawaida: *mi manĝas* (nakula, huwa nakula)
- -is uliopita: *mi manĝis* (nilikula, nimekula)
- -os ujao: *mi manĝos* (nitakula)
- -us -nge-: *Se mi havus monon, mi aĉetus biciklon.* (Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli.)
- -u amri na ombi: *Manĝu!* (Kula!) *Ni iru!* (Twende!)

Usisumbuke kutafuta *-me-*. *-is* inatosha. Ukitaka kusisitiza kwamba jambo limekwisha, ongeza *jam*: *Mi jam manĝis* (Nimeshakula). *Sijala* ni *Mi ankoraŭ ne manĝis*.

*-ka-* nayo haipo. *Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi* ni *-is* mwanzo hadi mwisho: *Mi iris al la bazaro, aĉetis fiŝojn kaj revenis.*

Ya *-ki-* ina mtego. *Nikimwona nitamwambia* haina *-ta-* upande wa kwanza, lakini Kiesperanto kinataka *-os* pande zote mbili: *Kiam mi vidos lin, mi diros al li.* Kama huna hakika utamwona, tumia *se* badala ya *kiam*.

*Nataka uje* huundwa vilevile kama kwetu: *Mi volas, ke vi venu*.

### "Nina" si "mi estas kun"

*Nina kitabu* ni *Mi havas libron*. Kwa kuwa *-na* yetu ina sura ya "pamoja na", wengi huandika "mi estas kun libro". Hiyo ina maana upo mahali pamoja na kitabu. *Kuna maji* ni *Estas akvo*. *Nina njaa* na *nina kiu* ni vitenzi kamili: *mi malsatas, mi soifas*. *Nina miaka ishirini* inakwenda kama ilivyo: *Mi havas dudek jarojn*.

## Hatua ya 6: Kuuliza na kukataa

*Ĉu* ni *je* yetu, mwanzoni mwa swali la ndiyo au hapana: *Ĉu vi havas tempon?* (Je, una nafasi?) Tofauti ni kwamba huwezi kuiacha ukategemea sauti kupanda. Ni *kama* pia: *Mi ne scias, ĉu li venos* (Sijui kama atakuja).

Ukiulizwa swali la kukanusha, *Ĉu vi ne iras?*, usijibu *jes* ukimaanisha "ndiyo, siendi". Sema sentensi nzima: *Mi ne iras.*

Maneno ya kuulizia ni tisa: *kio* (nini), *kiu* (nani, ipi), *kia* (wa namna gani), *kie* (wapi), *kiam* (lini), *kial* (kwa nini), *kiel* (vipi), *kiom* (kiasi gani), *kies* (ya nani). Badilisha mwanzo upate jamaa zake: *ti-* ya kuonyesha (*tie*, pale), *i-* ya fulani (*iam*, wakati fulani), *ĉi-* ya vyote (*ĉio*, kila kitu), *neni-* ya kukosekana (*nenio*, hakuna kitu). Jumla ni 45, lakini usikariri jedwali. Anza na yale tisa, mengine yatakujia yenyewe.

*Unakwenda wapi?* ni *Kien vi iras?*, ile n ya mwendo tena. *Kie* peke yake ni pa kukaa: *Kie vi loĝas?*

Kukanusha ni *ne* mbele ya kitenzi. Mtego uko hapa: *Sikuona kitu chochote* hutuvuta kuandika "mi ne vidis nenion". Hiyo ina kukanusha mara mbili, na mara mbili hufutana. Sema *Mi vidis nenion*, au *Mi ne vidis ion*.

## Hatua ya 7: Kuzalisha maneno

Ukijua mzizi mmoja umejua maneno saba. *Kuiri* (kupika), *kuiristo* (mpishi), *kuirejo* (jikoni), *kuirilo* (chombo cha kupikia). *-ist* ni mwenye kazi hiyo, *-ej* ni mahali, *-il* ni kifaa, *-in* ni jinsi ya kike (*patro*, *patrino*), *-ul* ni mtu mwenye sifa hiyo. *Mal-* ni kinyume, na kinyume si lazima kiwe kibaya: *longa* ni -refu, *mallonga* ni -fupi.

Undugu utakupa shida kidogo. *Onklo* ni mjomba, ni baba mdogo, ni baba mkubwa. Anayetaka kutofautisha aseme *la frato de mia patrino*. Mimi nashauri kusema hivyo daima ukiongea na Mwafrika mwenzako, maana kwetu tofauti hiyo ina uzito.

Sasa -ig- na -iĝ-, ambazo Wazungu hulalamikia miaka. Wewe unazo tangu utotoni:

- *La akvo bolas.* — Maji yanachemka.
- *Mi boligas la akvon.* — Nachemsha maji.
- *Mi rompis la glason.* — Nimeivunja glasi.
- *La glaso rompiĝis.* — Glasi imevunjika.
- *sanigi, saniĝi* — kuponya, kupona.

*-ig-* ni ya kusababisha, kama *-sh-* na *-y-* zetu. *-iĝ-* ni ya jambo kutokea au mtu kuwa hali fulani, kama *-k-*.

Angalia lakini kitenzi kinaanzia upande gani. *Boli* huanza kwenye kuchemka, kwa hiyo hukiongezea *-ig-*. *Rompi* huanza kwenye kuvunja, hukiongezea *-iĝ-*. Ukiandika "mi bolas akvon" au "la glaso rompis" umekosea upande. Kila kitenzi kipya kiandike daftarini pamoja na sentensi moja fupi inayoonyesha kama kinachukua yambwa, na utaepuka makosa mengi ya mbele.

## Hatua ya 8: "Niliyemwona", "nilichosoma"

O-rejeshi huwa *kiu*, likitanguliwa na alama ya mkato. Hupata -j kwa wingi na -n likiwa yambwa ndani ya kishazi chake.

*mtu aliyekuja* — *la homo, kiu venis*
*kitabu nilichosoma* — *la libro, kiun mi legis*
*vitabu nilivyosoma* — *la libroj, kiujn mi legis*

Katika wa kwanza, mtu ndiye anayekuja, hana n. Katika wa pili, ninayesoma ni mimi, kitabu kinasomwa. Usiliache *kiu* hata sentensi ikionekana kueleweka bila yake.

## Hatua ya 9: Saa

Watu wamekosa miadi kwa ajili ya hili. Kiesperanto huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, hakianzii macheo. *Saa moja asubuhi* ni *la sepa matene*. *Saa tisa alasiri* ni *la tria posttagmeze*. Ongeza sita; lakini kama namba yetu inazidi sita, toa sita.

*Kioma horo estas?* — *Estas la naŭa.* Ukisikia hivyo asubuhi, kwetu ni saa tatu. Mkipanga kuongea kwa simu, taja mji pia, kwa sababu ya tofauti ya majira: *je la sepa, laŭ Nairobi*.

## Hatua ya 10: Fungua mdomo

Someni haya wawili kwa sauti, kisha mbadilishane nafasi.

— *Saluton! Kiel vi nomiĝas?*
— *Mi nomiĝas Neema. Kaj vi?*
— *Mia nomo estas Marko. De kie vi venas?*
— *Mi venas el Tanzanio. Mi loĝas en Mwanza, apud granda lago.*
— *Kion vi faras tie?*
— *Mi vendas vestojn en la bazaro. Kaj kia estas via laboro?*
— *Mi estas studento. De kiam vi lernas Esperanton?*
— *De du monatoj. Bonvolu paroli malrapide.*
— *Vi jam parolas bone! Ĉu oni vendas ankaŭ fiŝojn tie?*
— *Jes, multajn. Ĉu vi iam vizitis Afrikon?*
— *Ankoraŭ ne, sed mi volas veni.*
— *Bonvenon! Kiam vi venos, mi montros al vi la lagon.*

Chukua kalamu uzungushie kila n ya mwisho, kisha useme kwa nini ipo. *Vestojn* zinauzwa. *Kion* inaulizia kinachofanywa. *Multajn* imebeba -jn ingawa *fiŝojn* haijatajwa tena. *Al vi* ndiye anayeonyeshwa, *lagon* ndilo linaloonyeshwa. *Tie* haina n kwa sababu hakuna anayekwenda.

Siku inayofuata badilisha majina, mji na kazi viwe vyako. Ya tatu fungeni daftari. Ya nne jirekodini kwa simu, msikilize, mwandike makosa ya n peke yake. Mengine yaacheni kwanza. Mkirekebisha kila kitu kwa wakati mmoja, mtanyamaza.

Mkikwama neno, msihamie Kiswahili. Elezeni kwa maneno mliyo nayo: aliyesahau *hospitalo* aseme *la domo por malsanaj homoj*, na mwenzake ataelewa. Mkifika dakika kumi kwa namna hiyo, tafuteni msemaji wa nchi nyingine kwenye lernu.net, mwandikieni aya moja kujitambulisha, na mwombeni arekebishe n zenu.